Tumfahamu Mchoraji Wetu wa Kitui

Muhula uliopita niliwaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wengi wao wazaliwa wa Kitui na Makueni, wanitajie jina la mchoraji mmoja. Leonardo da Vinci alitajwa upesi, kisha Picasso. Nilipouliza ni nani aliyewahi kumsikia Kaloki Nyamai, darasa zima lilinyamaza. Msomaji asiwacheke. Hata mimi mwalimu wao nilimfahamu kwa kuchelewa mno, tena kwa kuelezwa na mgeni.

Nyamai alizaliwa Kitui mwaka 1985. Mama yake ndiye aliyemfundisha kuchora, naye nyanya yake akamsimulia hadithi za Wakamba. Baadaye alisomea upambaji wa nyumba katika Buruburu Institute of Fine Arts jijini Nairobi. Picha zake ni kubwa, na nyingine huning'inizwa bila fremu, mithili ya mashuka yaliyoanikwa. Hupaka rangi tabaka juu ya tabaka, akahamishia juu yake picha za magazetini, akalikata turubai na kulishona tena kwa uzi wa mkonge. Kwetu sisi tuliolelewa Ukambani, mkonge huo si kitu cha ajabu: ndio uleule ambao mama zetu wameusokota mapajani miaka nenda miaka rudi ili kusukia viondo.

Mwaka 2022 aliiwakilisha Kenya katika maonyesho ya Biennale ya Venice, huko Italia, pamoja na Syowia Kyambi, Dickens Otieno na Wanja Kimani. Uzito wa jambo hilo unajulikana na wanaokumbuka yaliyotangulia. Mwaka 2013 banda lililobeba jina la Kenya mjini humo lilijaa kazi za wasanii kutoka China na Italia, akiwemo Armando Tanzini, Mwitaliano aliyeishi Malindi kwa miongo mingi. Wakenya walikuwa wawili tu. Mmoja wao, Kivuthi Mbuno, ni mzaliwa wa Mwingi, aliyekuwa mpishi wa misafara ya watalii kabla ya kujulikana kwa penseli zake za rangi. Orodha ya mwaka 2015 ilipotoka nayo imesheheni Wachina, wasanii wa Nairobi walipaza sauti, na waziri wa utamaduni wa wakati huo, Hassan Wario, akaikana. Simlaumu Tanzini peke yake. Serikali yetu ndiyo iliyoiacha nafasi ile wazi.

Kama mwanaisimu, hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni majina ya picha za Nyamai, maana mengi ni ya Kikamba. Maonyesho yake ya New York mwaka 2024 aliyaita Twe Vaa, yaani tuko hapa. Mwalimu wa Kikamba angeshika kalamu nyekundu mara moja: iandikwe Twĩ vaa! Kikamba kina irabu saba, na hiyo ĩ husikika masikioni mwa wengi kama e. Ndiyo maana wanafunzi wetu, na simu zao, huiandika hivyo. Binafsi naona heri kosa hilo likae ukutani New York kuliko tahajia sahihi kufungiwa kabatini.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa CBC waliingia Gredi ya 10, na Sanaa na Michezo ni mmojawapo wa mikondo mitatu waliyowekewa. Nimewasikia walimu, ambao ni rafiki zangu, wakiwaambia watoto kwamba mkondo huo ni wa walioshindwa na hesabu. Wanasema hivyo kwa nia njema. Mzazi wa Mutomo anayeuza mbuzi ili alipe karo ana haki ya kuuliza mwanawe atakula nini, wala sidai kwamba kila mchoraji atafika Venice. Lakini mwalimu anayemshauri mtoto hali hamjui hata mchoraji mmoja wa kaunti yake anabahatisha tu.

Basi ningeomba kila shule ya upili ya Kitui itundike nakala moja ya kazi ya Nyamai na moja ya Mbuno, na wanafunzi waulizwe wanaona nini, wajibu kwa Kikamba na kwa Kiswahili. Mimi nimekwisha kuanza. Wiki jana msichana mmoja aliniuliza kama uzi ule umesokotwa kwa mkono au kwa mashine. Sikujua. Akasema nyanya yake angejua kwa kuutazama tu.