Swali ambalo baba haulizwi

Mtoto akizaliwa na mdomo uliopasuka ao mgongo ulio wazi, macho yote yanamwangukia mama. Alikula nini? Alimkosea nani? Nani amemroga? Baba haulizwi kitu.

Wamama wapenzi, wachunguzi wa Iniversite ya Lubumbashi walimuuliza baba. Pamoja na wenzao wa Leuven na Ghent, kule Ubelgiji, kati ya 2013 na 2015 walichunguza hapa mjini watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana, na wengine 108 wasio na kilema. Walipima mkojo na damu ya mama, damu ya kitovu, mpaka mavumbi ya nyumbani. Matokeo yalitoka 2020 katika gazeti The Lancet Planetary Health: pale baba anapofanya kazi ya madini, uwezekano wa kilema ulikuwa mkubwa zaidi ya mara 5.

Tuisome hesabu hiyo polepole, kama darasani. Watoto waliochunguzwa ni wachache, kwa hiyo ile 5 inaweza kupungua ao kupanda. Tena haisemi kwamba kila mtoto wa mchimbaji atazaliwa na kilema. Watoto wa wachimbaji wamejaa katika madarasa yetu, na wakati wa mapumziko wanatushinda mbio.

Hapo ndipo ndoto ya wachunguzi inaanzia. Mtu angefikiri kobalti itaonekana nyingi zaidi kwa mama aliyezaa mtoto mwenye kilema. Vipimo havikuonyesha hivyo waziwazi. Basi hatari inapita njia gani? Katika mbegu ya baba? Katika nguo za kazi anazoleta nyumbani, nasi tunazifua katika beseni moja na nguo za mtoto? Ni kobalti, ni manganizi, ama ni mchanganyiko? Atakayepata jibu atawaondolea wamama wa Katanga mzigo wa miaka mingi.

Ndoto kama hiyo iliwahi kutimia. Mwaka 1991, uchunguzi ulioongozwa kutoka Uingereza ulionyesha kwamba vidonge vya asidi foliki, vikianzwa kabla ya mimba, vinapunguza kwa karibu robo tatu kilema cha mgongo wazi kwa wamama waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo. Kidonge kidogo tu! Lakini mgongo wa mtoto unafungika katika siku 28 za kwanza, wakati wengi wetu hatujajua hata kama tuna mimba. Sisi tunafika CPN mwezi wa tano, tumbo limekwisha kuonekana, tena tunalalamika kwamba foleni ni ndefu. Anayefikiria kuzaa amuulize muuguzi habari ya foliki mapema, hasa kama amekwisha kupata mtoto mwenye kilema hicho.

Na siku wachunguzi watakapokuja tena kwenye maternite kuomba damu ya kitovu, tuwaulize ni ya kazi gani, watueleze vizuri, kisha kila mama aamue mwenyewe. Bila damu hiyo hawawezi kusonga mbele.

Wakati tunangoja jibu, katika kikundi chetu nguo za kazi za mabwana tumezitenga. Tunazilowesha kwanza ili mavumbi yasiruke, katika beseni yake peke yake, ile nyekundu. Mabwana wanatucheka. Wacheke tu, lakini wazivulie nje.