Kushuka si Kuanguka

Wamenicheka. Acha nianze na hilo, maana najua wapo watakaosoma hapa huku wanatabasamu. Siku niliyopakia vitu vyangu kwenye kirikuu pale Kimara, vijana wa kijiweni waliacha drafti yao wakasimama kunitazama. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Oya mwandishi, unahamia Masaki nini?" Nikamjibu nahamia Misugusugu. Kicheko kilichopigwa siku ile nadhani kilifika Misugusugu kabla yangu.

Kwa asiyepajua, Misugusugu ni Kibaha, mkoa wa Pwani, kando ya barabara ya Morogoro, ukishaiacha Maili Moja na Kongowe na kabla hujafika Visiga. Madereva wa malori wamelijua jina hilo kwa miaka mingi kwa sababu ya ukaguzi wa mizigo ya forodha. Vijana wenzangu wa Dar es Salaam wanalijua kama kibao kinachopita dirishani wakiwa kwenye basi la Moro.

Nilitoka kwenye chumba na sebule: tailizi chini, jipsamu juu, choo ndani, luku yangu peke yangu. Nikaingia kwenye chumba kimoja cha nyumba ya miti na udongo iliyonizidi umri, imepigwa plasta upande wa mbele tu, bati limeshika kutu, choo kiko uani. Kochi niliuza. Sabufa niliuza. Kabati la vyombo niliuza, na vyombo vikaingia kwenye ndoo. Nilibaki na godoro, meza, jiko la mkaa, begi la vitabu na kaunta buku tatu zenye riwaya yangu.

Nimeshuka, sikatai. Ninachokikataa ni neno wanaloliongeza, eti nimeanguka. Kila aliyepanda daladala anaijua tofauti. Anayeshuka anagonga bati, anamwambia konda "shusha", anateremka na mzigo wake mkononi. Anayeanguka ni yule aliyening'inia mlangoni kilomita kumi kwa sababu anaona haya kuonekana anatembea kwa miguu. Miaka hii vijana wengi mjini tumening'inia. Ndiyo maana naandika.

Tupige hesabu. Kodi ya Kimara ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Lakini pale hakuna mwezi, kuna miezi sita. Hiyo ni 900,000 kwa mkupuo mmoja. Dalali naye akachukua kodi ya mwezi mmoja, 150,000, kwa kazi ya kunionyesha mlango. Jumla 1,050,000 kabla sijanunua hata ufagio. Mimi nilikuwa nachapa na kudurufu kwenye steshenari, mwezi ukiwa mzuri napata 250,000. Fedha ya kuingilia niliipata kwa kupokea mchezo, kwa kukopa kwa shemeji na kwa kulifunga tumbo. Kila mwezi baada ya hapo ilinibidi nitenge 150,000 kwa ajili ya mkupuo ujao, nikabaki na laki moja ya kula, nauli, maji, umeme na nguo za kuonekana nazo.

Kwa nini nilifanya ujinga huo? Kwa ajili ya watu. Nilimaliza kidato cha nne na wenzangu, mmoja akapata kazi benki, mwingine akafungua duka la simu. Nilitaka wakija wakae kwenye kochi. Nilitaka nikisema "mimi mwandishi" pasiwe na mtu wa kutazama dari akatafuta panapovuja. Zile 150,000 hazikuwa kodi ya nyumba peke yake. Sehemu yake kubwa ilikuwa kodi ya aibu.

Mwezi wa nane, mama akapiga simu kutoka nyumbani. Mguu umevimba, zahanati wamemwambia aende hospitali ya mkoa. "Mwanangu, ukiwa na chochote." Ndugu msomaji, siku ile nilikuwa tajiri! Nilikuwa nimelipa laki tisa nyingine mwezi mmoja tu uliopita. Lakini zilikuwa sakafuni, chini ya tailizi, siwezi kuzichimbua. Nilimwendea mwenye nyumba nikamwomba anirudishie kodi ya miezi miwili, nitatoka mapema atafute mpangaji mwingine. Akaniambia kodi ikishalipwa hairudi. Nikaenda kwa wale wa kausha damu, nikachukua 200,000 nikarudisha 260,000. Fedha ilimfikia mama baada ya siku tisa. Alitibiwa, anatembea, lakini ule mguu haujarudi kuwa mguu aliokuwa nao. Sijui siku tisa zile zilibeba nini. Najua tu kwamba wakati mama anasubiri, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kochi.

Halafu riwaya. Nilipoingia Kimara ilikuwa ukurasa wa 61. Nilipotoka, miezi 18 baadaye, ilikuwa ukurasa wa 64. Kurasa tatu! Usiku nilikuwa nachapa kazi za wanachuo ili kujazia, na nisipochapa nilikuwa nalala macho wazi nahesabu siku zilizobaki kabla ya mkupuo mwingine. Mwezi wa kumi na sita tajiri akapunguza siku za kazi, sita zikawa tatu. Hapo hata mjinga anaona.

Mwaka 1979, baada ya vita vya Kagera, Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Wazee wetu wanatuhadithia kwamba miezi ile ilikuwa mirefu kuliko ilivyotajwa. Lakini angalau wao waliufunga. Sisi tukibanwa tunanunua mkanda mpya, kwa mkopo, ili watu wasijue kwamba suruali imelegea.

Sasa, mtu ataniambia: kijana, unawapigia debe umaskini. Hapana. Mnisikilize vizuri hapo.

Wapo watu duniani waliolazimika kushuka kuliko mimi. Kule Marekani, baada ya uchumi kuporomoka mwaka 2008, wapo wazee waliopoteza nyumba zao na akiba ya uzeeni wakahamia kwenye magari na karavani kuukuu, zile nyumba za magurudumu, wakazunguka nchi nzima wakifuata vibarua vya msimu. Mwandishi Jessica Bruder aliwafuata akaandika Nomadland mwaka 2017, na filamu iliyotokana na kitabu hicho ikashinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Watu wakatoka sinemani wakisifu machweo. Lakini mzee wa miaka 70 anayepakia maboksi ghalani ili anunue petroli ya nyumba yake hakuyafuata machweo. Karavani kuukuu ilimwokoa, sawa. Tusisahau kuuliza ilimwokoa na nini.

Basi na mimi nisiwapambie Misugusugu. Bati linavuja mahali pawili, mvua ikianza nahamisha meza kwanza, godoro baadaye. Panya wamekula kona ya kaunta buku ya pili, nikaiandika upya sura nzima kutoka kichwani. Usiku ukibanwa na choo unatafuta tochi na kandambili. Nikiwa na shughuli mjini nauli inauma na foleni inauma zaidi. Rafiki yangu mmoja, binti niliyemdhania mengi, alikuja mara moja, akanywa chai, akasema hapa kuna hewa nzuri, hakurudi tena. Gharama hizo zipo. Ninazilipa. Lakini ninazilipa mimi mwenyewe, kwa kuziona, mwezi kwa mwezi.

Na hapo ndipo pana jambo. Siku ya kwanza nilipofika kuulizia chumba, nilimkuta bibi mwenye nyumba anamenya mihogo chini ya mkorosho.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Unafanya kazi gani?"

"Naandika, bibi."

"Barua za watu?"

"Hadithi."

Akaendelea kumenya kidogo. "Haya. Lete elfu ishirini na tano ya mwezi huu. Ya mwezi ujao tutaisema mwezi ujao."

Nilisimama pale kama niliyepigwa na butwaa. Mwezi! Kumbe mwezi bado upo Tanzania! Hivi ni mwajiri gani anayemlipa kijana wa kidato cha nne mshahara wa miezi sita kabla hajafanya kazi? Kama hayupo, kwa nini sisi tunalipa pango la miezi sita, wengine mwaka mzima, kabla hatujalala hata usiku mmoja?

Nchi hii haikuwa hivi siku zote. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya sh. 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za pango. Mwaka 1991 kule Zanzibar chama tawala kikalegeza masharti ya viongozi, na mwaka 2005 ile sheria ya 1984 ikafutwa. Simwambii mtu turudi kwenye kutaifisha. Nyumba nyingi zilizotwaliwa tuliziona zilivyochakaa, na wenye nyumba wa leo si mabepari wote. Wengi wamejenga tofali kwa tofali, bila benki, na wamewahi kukimbiwa na wapangaji usiku na luku ikiwa na deni. Nawaelewa. Lakini ninachosema ni kidogo sana: kodi ya mwezi ilipwe kwa mwezi. Anayeogopa kukimbiwa achukue dhamana ya mwezi mmoja, iandikwe, irudi. Mpaka hapo patakaporekebishwa, kijana anayelipa mkupuo kwa mkopo ili asichekwe anamkopesha mwenye nyumba fedha ya dawa ya mama yake.

Nawageukia sasa ndugu zangu wa kalamu, maana nyinyi ndio mlionicheka kwa kunihurumia. "Utaandika nini huko porini? Mwandishi anatakiwa awe mjini, penye watu, penye mijadala." Porini! Kutoka hapa mpaka katikati ya jiji ni kilomita arobaini na kitu, na malori ya Kongo na Zambia yanapita mlangoni kwangu usiku kucha. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944, anakaa pale kazi ilipompeleka, na anaandika. Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuwakera wakubwa, inaanzia Namagondo, Ukerewe. Na Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, inapima mswada. Haiulizi kama umeandikwa juu ya tailizi.

Mijadala naijua, nimekaa nayo. Tunakutana, tunaagiza soda moja tunaifanya saa tatu, kila mtu anasimulia riwaya atakayoiandika mambo yakikaa sawa. Mambo hayakai sawa, jamani. Nimehudhuria mwaka mzima na nusu, na katika watu saba sikuona hata mmoja aliyekuja na sura iliyokamilika, nikiwemo mimi.

Hapa nilipo nafanya kazi siku tatu kwa wiki kwenye steshenari ya Maili Moja. Napata pungufu ya nilichokuwa napata Kimara. Kila mwisho wa mwezi namtumia mama elfu thelathini, na elfu ishirini naiweka pembeni isiguswe, ya simu kama ile. Deni la shemeji limebaki robo. Siku nne zilizobaki naamka bibi akiwa anafagia uwanja, nachemsha chai, nafungua kaunta buku. Huu ni mwezi wangu wa tisa. Niko ukurasa wa 143.

Huenda riwaya yenyewe ni mbovu. Huenda wachapishaji wataikataa, na wale wa kijiweni watapata kicheko cha pili. Sawa. Lakini itakuwa mbovu ikiwa imekwisha, nami nitaanza nyingine, na kodi ya mwezi huo nitakuwa nayo mfukoni.

Kwa hiyo wewe uliyening'inia mlangoni, unayesoma gazeti hili huku ukihesabu wiki zilizobaki kabla ya mkupuo: piga hesabu yako leo, usisubiri mwenye nyumba akupigie. Uza kochi kabla halijauzwa na wengine. Tafuta chumba kikuukuu, kidogo, utakachokilipa hata mwezi mbaya ukija. Watacheka wiki mbili, halafu watampata mwingine wa kumcheka.

Na ukiwa njiani kuelekea Moro, gonga bati Misugusugu. Kochi sina. Kigoda kipo, chai ipo, na nitakusomea sura niliyoinyang'anya kutoka kwa panya.