Reli Pekee Haimleti Mwekezaji

Tangu reli mpya ilipofika Emali mwaka 2017, wapo waaminio kwamba viwanda vya wageni havina budi kuifuata. Sikubaliani nao. Kampuni ya kigeni haiamui mara moja: aghalabu huanza kwa wakala, hulipima soko, ndipo hujenga, na hata ikishajenga huendelea kupiga hesabu. General Motors iliingia Kenya mwaka 1975. Mwaka uo huo wa 2017 ikaiuzia Isuzu hisa zake, asilimia 57.7, ikaondoka. Kiwanda kilibaki, maana soko la malori lilikuwapo. Neno “mwekezaji”, wanafunzi wangu, latokana na “weka”. Na kiwekwacho huondoleka. Basi walimu wa Emali wasiwaulize vijana mgeni atafika lini, bali akiisha kufika, je, maji na mafundi wa kumfanya akae atawapata wapi?