Kadi ya ubatizo na zile dola kumi



Juma hili nimepata swali kutoka kwa mama mmoja wa kikundi chetu cha Kadutu. Kwa kuwa si yeye peke yake mwenye taabu hiyo, ameniruhusu nilijibu hapa bila kutaja jina lake. Mtoto wake wa tatu ana mwaka mmoja na miezi minne, na hajabatizwa. Baba hajakataa, padri naye hajakataa. Wanangojea franga za feti. Mashemeji wake, dada za mume, wamesema mtoto wa kaka yao hawezi kubatizwa "kama mtoto wa barabarani": lazima ukumbi wa kukodi, lazima kikwembe cha namna moja kwa jamaa yote, lazima kasiye za Primus na sukre za kutosha. Basi mama anauliza: "Je, naweza kuandika kwenye kadi ya mwaliko kwamba kila mtu alete dola 10, ili feti ijilipe yenyewe?"

Mama mpenzi, nakujibu hapana. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuandika kadi ya namna hiyo.

Ilikuwa ubatizo wa mtoto wangu wa kwanza. Tulichapisha kadi 60, nzuri kweli, zenye picha ya njiwa, na chini kabisa tukaandika: "Mchango: dola 10 kwa mtu mmoja, dola 15 kwa bwana na bibi." Kwenye avenyu yetu alikuwako mama mmoja muuza makala. Usiku niliposhikwa na uchungu, mume wangu alikuwa safarini. Ni mama huyo aliyenishika mkono tukateremka katika mvua mpaka maternite, akabaki pale hadi asubuhi, akafua vikwembe vyangu. Nilimpelekea kadi kama nilivyowapelekea wengine, hata sikufikiri. Siku ya ubatizo nilimwona kanisani, nyuma, karibu na mlango. Nyumbani hakufika. Nilidhani amerudi kwenye biashara yake. Baada ya majuma mawili alinikuta kwenye bomba la maji, akanipa kipande cha sabuni na soksi ndogo za mtoto, amezifunga katika karatasi. Akasema: "Mama, unisamehe, sikupata zile kumi."

Sikujua nijibu nini. Mtu anayeuza makala kwa vikopo mbele ya nyumba angetoa wapi dola 10? Na alikuwa ananiomba msamaha mimi!

Sisemi kuchangiana ni kubaya. Sisi wote humu tunaishi kwa likilimba, na bila kuchangiana hakuna hata mmoja wetu angeoza binti wala kuzika mzee. Lakini mchango una njia yake. Unauomba kwa mdomo, kwa ndugu na kwa rafiki wa karibu, kabla ya kadi kutoka, na unauomba hivi kwamba asiyekuwa nacho aweze kusema "sina" bila aibu. Kadi inamwita mtu aje. Ukiziweka habari hizo mbili kwenye karatasi moja, maskini atasoma ile ya pili tu.

Kadi yenyewe haihitaji maneno mengi. Unaweza kuandika hivi: "Baba na Mama wa mtoto fulani wanafurahi kukualika kwenye ubatizo wake, siku ya Mungu, tarehe fulani, misa ya saa tatu, katika parokia fulani. Baada ya misa tutakula pamoja nyumbani, hadi saa kumi na moja." Basi. Ile saa ya mwisho msiisahau. Watu wanataka kufika kwao kabla ya giza, na wanaopenda kukaa mpaka chupa ya mwisho watajua mapema kwamba hii ni feti ya mtoto mchanga. Kuhusu WhatsApp, sina neno kwa marafiki na kwa walio mbali. Lakini bibi na babu wa mtoto, wa pande zote mbili, hawaalikwi kwa simu ikiwa mnaweza kufika kwao kwa miguu. Nenda ukae, unywe chai yao, useme.

Kabla ya kadi, kuna mama wa batizo na baba wa batizo, mareni na pareni kama tunavyozoea kusema. Huyo aombwe na wazazi wote wawili, uso kwa uso, na apewe siku za kufikiri. Nimekwisha kuona mama akisoma jina lake kwenye kadi kwa mara ya kwanza, na chini ya jina hilo watu wanangojea gauni jeupe, viatu, mshumaa na bahasha. Ule si mwaliko, ni mtego. Tena watu huwatafuta wenye gari. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 haitaji gari. Kanoni ya 874 inataka kwa kawaida mtu wa miaka 16 au zaidi, Mkatoliki aliyepata kipaimara na Ekaristi, anayeishi maisha yanayolingana na imani, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Wala si lazima wawe wawili. Kanoni ya 873 inakubali mmoja tu. Ukiwa na rafiki Mprotestanti aliyebatizwa ambaye unampenda sana, anaweza kusimama kama shahidi pamoja na mama wa batizo Mkatoliki. Mwambie padri mapema.

Sasa, huko kungojea. Kanoni ya 867 inasema wazazi wahakikishe watoto wanabatizwa katika majuma ya kwanza ya maisha yao. Majuma, wamama, si miaka. Na kanoni ya 848 inasema wazi kwamba maskini wasikose msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Ikiwa Kanisa halimrudishi maskini, kwa nini sisi tumrudishe kwa ajili ya kasiye za vinywaji? Kama zamu yako ya likilimba iko mbali, batizeni mtoto sasa, na feti kubwa, kama bado mnaitaka, ingojee zamu.

Wenzetu wa makanisa yasiyobatiza watoto wachanga, ambako mtoto hupelekwa mbele kuombewa na ubatizo unakuja baadaye akiwa mkubwa, najua mnacheka. Msicheke sana. Mwezi uliopita nimepokea kadi ya kuombea mtoto, nayo ilikuwa na bei ya kikwembe.

Habari ya mashemeji ni nzito zaidi, na ndiyo nadhani inayokuzuia kulala. Usiende wewe kubishana nao. Ni mume wako aseme na dada zake, yeye mwenyewe, na aseme "tumeamua", asiseme "mke wangu hataki". Kisha wapeni kazi yenye heshima: mmoja apokee wageni mlangoni, mwingine asimamie vinywaji, mkubwa wao ambebe mtoto kutoka nyumbani hadi kanisani. Mara nyingi anayepiga kelele juu ya ukumbi anaogopa tu kwamba siku hiyo hataonekana. Kikwembe, kila mtu avae alicho nacho.

Chakula: bugali, wali, sombe, maharagi, sambaza za kukaanga, na nyama kwa kadiri ya mfuko. Wamama wa shirika wakianza siku ya posho, siku ya Mungu mnapasha moto tu na mwenye mtoto anapata kwenda misa bila kunuka moshi. Neno moja tu naliomba: sahani za wapishi zitengwe kwanza, zifunikwe, ziwekwe ndani. Nimekwisha kula mabaki ya chini ya sufuria mara nyingi mno kwenye feti nilizopika mwenyewe.

Zawadi zipokelewe kimya, kwenye kikapu karibu na mlango. Yule kijana wa mikrofoni anayetangaza "Mama fulani, dola 20, makofi!" mwambieni aimbe, atanie watu, lakini bahasha asiziguse. Kila akitaja 20, kuna mtu mwenye 2 anayeirudisha mfukoni.

Na wewe unayealikwa, usikose kwa sababu huna kitu. Kipande cha sabuni kinatosha, kilo ya sukari inatosha, na kuja mapema kusafisha mchele kunatosha kabisa. Kama huwezi kufika, peleka neno kabla ya siku yenyewe, kisha juma linalofuata upite kumsalimu mtoto. Kama utakuja na watoto wako wanne, sema pia, ili mwenye sufuria ajue.

Yule mama wa makala, mtoto wangu wa pili alipozaliwa, nilikwenda kwake kwanza, kabla ya dada zangu, nikamwomba awe mama wa batizo. Alikataa mara mbili, akisema hana gauni la kununulia mtoto. Mara ya tatu nilikwenda na gauni lile la mtoto wa kwanza mkononi, limefuliwa na kupigwa pasi. Alicheka, akakubali.

Basi, mama wa Kadutu, nenda ukamwone katekista wa shirika lako juma hili, umuulize siku za mafundisho ya wazazi na karatasi wanazotaka. Sufuria kubwa ya kikundi iko kwangu, imerudi juzi kutoka kilioni. Ukija kuichukua, njoo na mtu wa kukusaidia, maana ni nzito.