Munkoyo si lutuku: tuvitenganishe vinywaji vyetu

Leo tuzungumze juu ya kinywaji. Si bia ya kiwanda. Ni kile ambacho mama zetu wanatengeneza nyuma ya nyumba na kuuza kwa kopo ili watoto wale bukari jioni.

Tuanzie mbali kidogo. Nchini Japani kuna sikukuu za bia za mahali. Mtu analipa mlangoni, anapewa glasi ndogo, anapita meza kwa meza akionja bia za mikoa yote. Aliyeipika yuko palepale, anaeleza alivyoitengeneza. Lakini zamani mambo hayakuwa hivyo. Hadi mwaka wa 1994, sheria yao ilidai kiwanda cha bia kitoe angalau lita 2,000,000 kwa mwaka, la sivyo hakipati ruhusa. Ndiyo maana makampuni makubwa machache, kama vile Kirin, Asahi, Sapporo na Suntory, yalishika soko. Mwaka huo serikali ilishusha kiwango mpaka lita 60,000. Viwanda vidogo vikaanza kuota nchi nzima. Hata doburoku, pombe ya mchele ya wakulima ambayo kuitengeneza nyumbani kulikatazwa tangu 1899, ilifunguliwa mlango. Kuanzia 2003, katika maeneo maalumu, mkulima mwenye nyumba ya wageni anaweza kuomba ruhusa ya kuipika na kuwauzia wageni wake.

Wajapani hawakuanza kunywa kwa sababu sheria ilibadilika. Walichopata ni kumjua anayepika, na mpikaji akapata mahali pa kusimama mchana bila kujificha.

Sasa turudi kwetu, tarafa ya Kampemba. Sisi tuna munkoyo. Mama anapika uji wa mahindi, anaupoza, anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Mizizi ile ina nguvu ya kuvunja wanga: uji mzito unalegea, unakuwa maji yenye utamu. Ukilala usiku mmoja, ni kinywaji ambacho hata mtoto anakunywa. Ukikaa siku kadhaa, unachacha na kuanza kulevya. Hii ni elimu. Wenzetu wa Zambia wanaijua vilevile, maana mpaka haukukata mizizi.

Halafu kuna lutuku, ambayo ni jambo lingine kabisa. Ni pombe ya kuchemshwa na kukusanya mvuke, kali sana. Hatari yake kubwa ni mtu kuiongeza dawa za kiwandani kama methanoli, ambayo huwezi kuitambua kwa macho wala kwa pua. Nchini Kenya, mwezi wa tano 2014, makumi ya watu walikufa kwa siku chache kwa pombe ya namna hiyo. Na Kenya ilikuwa imeruhusu chang'aa kwa sheria tangu 2010, kwa masharti ya chupa ya kioo na lebo. Mama anayepika kwenye sufuria moja atatoa wapi chupa na lebo? Alibaki gizani, na wenye sumu wakabaki naye gizani. Ruhusa ambayo maskini hawezi kuifikia ni katazo kwa jina lingine.

Maoni yangu ni haya: kosa letu ni kuvitia vyote katika kapu moja. Muuza munkoyo na muuza lutuku, wote tunawaita watu wa pombe ya kienyeji, wote tunawadharau, na mwenye kudai pesa ya kodi anawadai wote sawasawa. Hapo anayeuza kitu safi hana faida yoyote ya kuwa safi.

Nawajua wale watakaosema pombe imeharibu nyumba nyingi. Ni kweli, na sitabishana nao. Lakini chupa ya bia ya kiwanda nayo inaharibu nyumba, na hakuna anayeifukuza barabarani.

Jambo hili linawagusa sana ndugu zetu waliokimbia. Mama aliyetoka Kivu hakubeba shamba lake la ndizi, lakini alibeba ujuzi wa kasiksi mikononi. Mtu anayefika bila kitu anaanza na anachokijua. Tukimzuia, tumemnyima riziki. Tukimwacha apike kwa maji ya kisima kichafu, tumehatarisha watoto wa mtaa mzima, na kipindupindu hakiulizi umetoka wapi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, wakubwa wa mtaa waandike majina ya wanaopika munkoyo na kasiksi, kwa tozo moja ndogo yenye risiti, ambayo mama wa sufuria moja anaiweza. Pili, watu wa afya wapite kuonyesha jambo dogo: maji ya kulowekea mizizi yachemshwe kwanza na kuachwa yapoe, bido zioshwe kwa klorini, kopo lisipite mdomo kwa mdomo. Tatu, tufanye siku moja ya kuonja hapa Bel-Air. Meza kadhaa zinatosha: munkoyo wa siku ya kwanza kwa wote, uliochacha kwa watu wazima, kasiksi kando yake, na kila mama aeleze anavyopika. Lutuku isiwepo.

Siku hiyo jirani ambaye hajawahi kumsalimia mama wa Kivu atalazimika kumuuliza: "Mama, hii mnaitengenezaje?" Naye atajibu kama fundi mbele ya meza yake. Kikao cha mtaa kikikaa tena, jambo hili liwekwe mezani.