Tembe na Shamba: Hazina Isiyotazamwa ya Mbulu

Wako watu wengi katika mji wa Mbulu wasemao kwa huzuni habari za tembe za babu zao. Husifu joto la ng'ombe waliolala ndani usiku wa baridi, na usalama wa nyumba iliyochimbwa katika ubavu wa kilima, hata paa lake la udongo likalingana na ardhi, mgeni asijue kuwa chini ya miguu yake wamelala watu. Lakini wakiulizwa ni lini waliwapeleka watoto wao kuona mahali nyumba hizo zilipokuwa, hawana jibu. Na akija mtu kutoka mbali akitaka kutazama jambo la ajabu, humwonyesha njia ya Ngorongoro, kana kwamba Mbulu ni mahali pa kupita tu.

Huzuni ya namna hii haina faida. Ni machozi ya mtu amliliaye mzazi aliye hai ambaye haendi kumwamkia.

Maana tembe haikuwa nyumba tu. Ilikuwa nusu ya kazi moja, na nusu ya pili ingalipo. Karibu na mji, katika milima ya Kainam, ndiko Irqwar Da'aw, nchi ya asili ya Wairaqw, iitwayo pia Mama Isara. Huko ng'ombe walifungwa nyumbani wakaletewa majani, na samadi yao ikachukuliwa shambani; matuta yakauzuia udongo usichukuliwe na mvua, na mifereji ikaondoa maji mabondeni. Hivyo miteremko mikali ililimwa kizazi baada ya kizazi, na udongo wake usichoke. Basi amtafutaye babu yake katika tembe iliyobomoka, na ainue macho atazame shamba. Hiyo ndiyo hazina iliyofichika, nayo imefichika kwa sababu huonekana kila siku.

Watakuwapo wa kusema kuwa hayo ni mabaki ya umaskini na hofu: kwamba Wairaqw walijibana milimani kwa kuwaogopa Wamasai, na hofu ikiisha hapana haja ya kuyakumbuka. Hoja hiyo ilikubaliwa na wataalamu kwa muda mrefu. Lakini Lowe Börjeson, katika utafiti wake uliotolewa mwaka 2004, aliipinga, akaeleza kuwa mashamba yale yalijengwa kidogo kidogo, kwa kazi ya kila siku ya wakulima wenyewe. Hofu humfundisha mtu kujificha. Haimfundishi kutunza udongo.

Wengine, walio wajanja zaidi, hutaka ijengwe tembe ya mfano kando ya barabara, mgeni alipe kiingilio apige picha. Tembe hiyo itakuwa maiti iliyopambwa. Hapana amtakaye mzee arudi kulala katika moshi. Bati si dhambi. Litakiwalo ni dogo, lakini ni gumu zaidi: walimu wawapeleke wanafunzi Kainam kwa miguu yao, na wazee waulizwe majina ya kila sehemu ya nyumba na ya shamba kwa Kiiraqw, yaandikwe wangali hai wayajuao.

Adhaniye kuwa jambo hili laweza kungoja, na atazame wilaya jirani ya Hanang. Huko Basotu, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalitwaa malisho ya Wabarabaig, na baadhi ya makaburi ya wazee wao, yaitwayo bung'eda, yalipitiwa na majembe ya trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda, kisha katika miaka ya 1980 wakashindwa mbele ya Mahakama ya Rufani.

Walakini Wabarabaig waliyajua makaburi yao na kuyaheshimu. Asiyeyajua alikuwa yule mwenye trekta. Mbulu haitahitaji trekta wala shirika la kuipokonya urithi wake, ikiwa wasioujua ni wenyewe wenye shamba.