Uliza Upepo Kabla ya Bei

Kila baada ya likizo ya Aprili nasikia kilio kilekile hapa hosteli: mtu kajinyima semista nzima, kaenda Mafia kupiga mbizi na mtungi, karudi hajaona kitu ila tope. Papa potwe? Hata mkia. Lawama zote kwa waongoza watalii.

Wote siwatetei. Mwaka jana kampuni moja ilituahidi papa potwe mwezi wa sita, ikala hela zetu. Huo ni utapeli. Lakini bahari haifuati kalenda ya chuo, jamani. Papa potwe huonekana zaidi Oktoba hadi Machi, upande wa Kilindoni. Aprili ni masika, na Mto Rufiji unamwaga maji yake ya udongo ng'ambo tu ya kisiwa. Kusi likishika, nje ya Ghuba ya Chole hakuendeki kirahisi. Wavuvi wanayajua yote haya, na kuwauliza ni bure (au soda moja).

Ofa ya Aprili ni nafuu kwa sababu hiyohiyo. Ukiitaka, nenda kwa ajili ya matumbawe ya ndani ya ghuba. Na kabla hujalipa, waulize kwa WhatsApp, jibu libaki: maji yakiwa machafu, hela ya mbizi ya pili inarudi?